Gati Tatu za Lamu na Fidia ya Wavuvi: Nani Hulipia Matumizi ya Serikali?

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alizindua mradi wa LAPSSET, yaani ukanda wa uchukuzi wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, huko Lamu akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Kilichoahidiwa ni bandari ya gati 32 katika ghuba ya Manda, reli, bomba la mafuta, barabara kuu na viwanja vya ndege. Mwaka huohuo kundi la wakazi wa Lamu likaenda mahakamani. Walidai kwamba mradi unasukumwa bila wenyeji kuelezwa wala kuulizwa, na kwamba madhara yake kwa bahari hayajapimwa inavyopaswa. Kesi ilichukua miaka sita. Mwisho wa Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kisa hiki kimezungumzwa sana kama habari ya mazingira na haki za binadamu, na ni kweli ndivyo kilivyo. Lakini mimi nakiona kwanza kuwa kisa cha bajeti. Hapa pwani sijui kingine kinachoonyesha waziwazi namna hii matumizi ya serikali ni nini, yanaingia mifukoni mwa nani, na gharama isipoandikwa kitabuni inamwangukia nani.

Pesa zenyewe

Gati tatu za kwanza, kila moja ya urefu wa mita 400, zilijengwa na kampuni ya China Communications Construction Company, na aliyezigharamia ni Serikali ya Kenya. Gharama iliyotangazwa ni takriban dola za Marekani milioni 480, yaani kama shilingi bilioni 48 kwa viwango vya ubadilishaji vya wakati ule. Gati ya kwanza ilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021. Mkondo wa kuingilia meli ulichimbwa hadi kina cha mita 17.5, kina ambacho bandari nyingi za mwambao huu hazina.

Bilioni 48 ni tarakimu ambayo mtu wa kawaida hawezi kuishika, kwa hiyo tuilinganishe na kitu tunachokijua. Mgao wa kaunti ya Lamu kutoka serikali kuu ndio mdogo kuliko wa kaunti zote 47. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa kama shilingi bilioni 3.1. Humo ndimo mnamotoka mishahara ya wauguzi, dawa za zahanati, walimu wa chekechea, mafuta ya boti za kubebea wagonjwa, taka za mji na maji ya visiwa. Gati tatu peke yake zimekula mgao wa zaidi ya miaka 15.

Sisemi hivyo kwa kuilaumu bandari. Pesa zote hizo ni matumizi ya serikali, ila hazifanyi kazi moja. Mshahara wa muuguzi ni matumizi ya kawaida: unalipwa mwezi huu, huduma inatolewa mwezi huu, na mwezi ujao unalipwa tena. Gati ni matumizi ya maendeleo: unalipa leo, unatarajia kuvuna miaka 50 ijayo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka isiyopungua asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, kwa sababu bila sharti hilo mishahara na posho zingemaliza kila kitu. Halafu kuna aina ya tatu, ambayo wengi huisahau: pesa ambazo serikali inampa mtu bila kununua kitu kwake. Mzee wa miaka 70 na zaidi anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii hakuiuzia serikali chochote. Fidia nayo iko katika kundi hili. Nitairudia baadaye, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya taifa inapompoteza mvuvi.

Kwa nini serikali ndiyo ijenge

Kuna swali la haki ambalo wapinzani wa bandari hawakulijibu vya kutosha: kama serikali isingetumia pesa Lamu, nani angetumia? Waraka wa Sera Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo ziende mahali zitakapoleta ongezeko kubwa la mazao kwa haraka, yaani penye mvua, ardhi yenye rutuba na reli. Kwa lugha nyepesi, aliyekuwa nacho aliongezewa. Kaskazini na sehemu kubwa ya pwani zikaachwa zingoje. Katiba ya 2010 ilipoanzisha Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyosahauliwa, Lamu ilikuwa katika orodha ya kwanza ya kaunti 14.

Mfanyabiashara binafsi hawezi kuja kuweka mabilioni katika ghuba isiyo na barabara. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikuwa ya vumbi, mto Tana ukifurika inakatika, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 mabasi yalikuwa yakienda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuijenga barabara ile akaitoza kila anayepita akapata faida. Lakini ikijengwa kila mtu anafaidi: mama mjamzito anayepelekwa Malindi, mwenye lori la maembe, askari wa doria. Ilipotiwa lami, Lamu ilibadilika, na sijasikia mtu anayetaka irudi ilivyokuwa. Hiyo ndiyo kazi ya msingi ya matumizi ya serikali: kufanya kile ambacho soko haliwezi kukifanya kwa sababu faida yake imetawanyika mno kwa watu wengi.

Bandari iko katika mantiki hiyohiyo, ila ina bahati nasibu ndani yake. Ilipangwa kwa kutegemea mafuta ya Sudan Kusini na Uganda na mizigo ya Ethiopia. Mwaka 2016 Uganda ikaamua bomba lake lipite Tanzania hadi Tanga. Reli haikujengwa. Meli zikawa chache miaka ya mwanzo. Pesa za umma zilishazama majini, na uamuzi wa kuzirudisha ukawa mikononi mwa nchi nyingine. Huenda bandari ikalipa mbele ya safari, na mimi naomba iwe hivyo. Lakini mwenye kupanga bajeti hana budi kuziona pesa hizo kwa jinsi zilivyo, yaani karata iliyochezwa kwa niaba ya mlipa kodi.

Shilingi inayopita bila kusimama

John Maynard Keynes, mwanauchumi Mwingereza aliyeandika wakati wa mdororo mkubwa wa miaka ya 1930, alieleza kwamba shilingi ya serikali haiishii kwa mtu wa kwanza. Serikali inamlipa kibarua, kibarua ananunua samaki, muuza samaki anamlipa fundi wa mashine, fundi ananunua unga. Shilingi moja inazunguka na kuzaa kipato cha zaidi ya shilingi moja. Hoja hii ndiyo inayotajwa kila mradi mkubwa unapozinduliwa: pesa zitazunguka, wenyeji watafaidi.

Zitazunguka, lakini wapi? Mkandarasi anatoka nje, na mashine za kuchimbia sakafu ya bahari anakuja nazo. Wahandisi wakuu wanalipwa kwao. Sehemu hiyo ya bilioni 48 haikugusa Mokowe wala Hindi, miji ya Lamu iliyo bara. Ilitoka Nairobi ikaruka bahari. Katika hesabu ya Pato la Taifa, thamani ya gati inaingizwa kama uwekezaji, kisha kilichonunuliwa nje kinatolewa. Kinachobaki Lamu ni kibarua cha mikono, kodi ya chumba, sahani ya wali na nauli ya boti. Si haba kwa aliyekipata, lakini ni kipande kidogo cha ile tarakimu inayosomwa jukwaani.

Kwa hiyo mtu akisema serikali imetumia mabilioni Lamu, ni sawa kumuuliza ni ngapi zilizolipwa kwa mtu anayeishi Lamu. Mzunguko wa pesa una nguvu pale ambapo mwenyeji ana ujuzi na mtaji wa kuudaka, ndiyo maana ahadi ya kuwasomesha vijana 1,000 wa Lamu kwa ajili ya bandari ilikuwa na uzito kuliko hotuba zote za siku ile. Welda au nahodha wa boti ya kuvuta meli aliyesomeshwa anaishika shilingi hapahapa, na anaishika kila mwaka.

Bahari haina hati

Sasa tuje kwenye kiini cha kesi. Wenye mashamba ya Kililana, ambapo bandari ilihitaji ardhi, walilipwa fidia ya shilingi milioni 1.5 kwa ekari. Palikuwa na migogoro na ucheleweshaji, lakini tangu mwanzo ilikubaliwa kwamba wanastahili kulipwa, na fungu likatafutwa. Mvuvi wa ghuba ya Manda hakuwa na hati. Maji ni ya umma, samaki ni wa umma, kwa hiyo katika makadirio ya mradi hakuonekana. Bajeti ina macho ya kuona kile chenye karatasi.

Aliyewahi kuishi na wavuvi wa huku anajua ghuba ile ilikuwa na thamani gani. Kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa tisa kusi huvuma. Nje ya Manda na Pate, upande wa bahari kuu, mawimbi ni makubwa na dau la tanga halithubutu. Ndani ya ghuba, nyuma ya visiwa, maji yametulia. Ghuba na mlango wa Mkanda ndivyo vilivyomfanya mvuvi mdogo ale mwaka mzima. Anatega malema, mitego ya samaki ya kufumwa, kando ya mwamba na kwenye majani ya bahari, anarudi kuyaopoa, anapata tafi na changu, anauza, jioni nyumbani pana kitoweo. Hahitaji mashine. Anahitaji kujua maji yanajaa saa ngapi.

Mashine ya kuchimba mkondo inapofanya kazi, inachota mchanga na matope kutoka chini na maji yanachafuka eneo pana. Matope yakituama juu ya majani ya bahari, majani yanakosa mwanga. Tafi anakula majani hayo, basi anahama. Matumbawe yakifunikwa yanakufa. Mikoko ikikatwa, kaa na kamba wachanga wanakosa mahali pa kukulia. Na hata maji yakitulia baadaye, mkondo wenyewe ni njia ya meli. Huwezi kutega lema mahali inapopita meli ya mita 250.

Kwa mvuvi maana yake ni kwamba safari iliyokuwa ya tanga na kasia inakuwa ya mashine. Lazima aende mbali, nje ya mwamba, hata wakati wa kusi. Anahitaji chombo kikubwa zaidi, petroli, na barafu kwa sababu anakaa baharini muda mrefu. Asiye na mtaji wa hayo anabaki ufuoni, au anakwenda kuwa baharia wa chombo cha mwenzake kwa mgao. Hiyo ni gharama halisi ya gati tatu, sawa na saruji na nondo. Tofauti yake ni kwamba saruji ilikuwa na ankara.

Mahakama iliona nini

Majaji hawakusema bandari isijengwe. Walisema haki ya wakazi ya mazingira safi, haki ya riziki, haki ya utamaduni na haki ya kupata habari zilivunjwa, na kwamba ushirikishaji wa umma haukufanyika inavyotakiwa na Katiba. Serikali ya kaunti nayo haikuhusishwa ipasavyo katika mipango, ingawa ndiyo iliyo karibu na watu. Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nao ulistahili kuangaliwa, maana utamaduni wa watu wa baharini hauwezi kutenganishwa na bahari yenyewe.

Ibara ya 201 ya Katiba inasema fedha za umma zitumike kwa uwazi, kwa uwajibikaji na kwa kuwashirikisha wananchi, na kwamba mizigo na manufaa yagawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Wengi husoma ibara hiyo wakifikiria deni la taifa tu. Hukumu ya Malindi imenifanya niisome kwa upana zaidi. Mzigo si deni pekee. Ghuba iliyokufa ni mzigo pia, na mtoto wa Mkomani au Matondoni hakuulizwa.

Tupige hesabu. Shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi 4,600 ni wastani wa shilingi 382,000 hivi kwa mtu. Ukiiweka kando ya bilioni 48, fidia yote haifiki senti nne katika kila shilingi iliyotumika kujenga. Hapa ndipo ninapopata uchungu. Mkandarasi akiongeza bei ya chuma, mradi mkubwa hubeba ongezeko la asilimia nne bila mtu kupiga kelele, lakini fungu la wavuvi la kiasi hichohicho lilihitaji kesi ya miaka sita. Wangeulizwa mapema, wangehesabiwa mapema, na pesa hizo zingekuwa mstari mmoja katika bajeti ya mradi.

Na miaka ile sita si bure. Kila msimu mvuvi alipokosa samaki, alikuwa akiulipia mradi kwa chakula cha nyumba yake. Alikuwa ameikopesha serikali bila riba, bila mkataba, bila kuombwa. Hata hukumu ilipotoka, rufaa ilikatwa, na shilingi ya 2018 haikununua kile ambacho shilingi ya 2012 ingenunua. Benki za nje zinazoikopesha Kenya hulipwa riba kwa tarehe maalumu, na deni hilo hutolewa kwanza kabla ya matumizi mengine. Mkopeshaji wa Lamu alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Ndipo tunarudi kwenye ile aina ya tatu ya matumizi. Ujenzi wa gati ulihesabiwa katika Pato la Taifa, kwa hiyo mwaka wa ujenzi uchumi ulionekana kukua. Samaki waliokosekana walipunguza hesabu kidogo tu, na pengine haikupungua kabisa, kwa kuwa samaki wengi wa mvuvi mdogo huliwa nyumbani au kuuzwa ufuoni bila kuandikwa popote. Fidia, kwa kuwa ni pesa iliyohamishwa tu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, haihesabiwi kama pato. Mtu anayesoma takwimu peke yake ataona gati na ukuaji, asimwone mvuvi hata mara moja. Ndiyo maana siwezi kukubali mradi upimwe kwa ukubwa wa pesa zilizotumika. Katika kisa hiki, uharibifu wenyewe ulikuwa sehemu ya kazi iliyolipwa na kuhesabiwa kama maendeleo.

Asilimia 35

Baadaye pande mbili zilikubaliana nje ya mahakama kwamba asilimia 65 ya fidia ilipwe taslimu na asilimia 35 itolewe kwa vifaa na miradi ya uvuvi, kama vile vyombo vya kisasa na zana. Kwa hesabu ya bilioni 1.76, hiyo ni kama shilingi bilioni 1.14 mkononi na milioni 616 kwa vifaa.

Mgawanyo huu una busara yake. Pesa taslimu peke yake huisha: mahari, paa la nyumba, deni la duka, karo. Hayo ni mahitaji halali, na ni pesa ya mvuvi, hana wa kumpangia. Lakini kama bahari ya karibu imeharibika, kinachomrudishia riziki ni chombo cha kumfikisha ya mbali, na chombo cha namna hiyo hakinunuliki kwa shilingi 250,000 za mtu mmoja. Kikiwa cha kikundi, kinawezekana.

Hofu yangu iko kwenye kinachofuata baada ya vifaa kukabidhiwa na picha kupigwa. Kila matumizi ya maendeleo huzaa matumizi ya kawaida, na hapo ndipo miradi mingi ya uvuvi ya mwambao huu imekufa. Chombo cha fibaglasi chenye mashine ya nje kinahitaji petroli kila safari, plagi, propela ikigonga mwamba, na fundi anayeijua mashine ile. Kiwanda cha barafu kinahitaji umeme na maji baridi kila siku, samaki wawepo wasiwepo. Nani analipa bili ya umeme mwezi ambao kusi imewazuia watu wasitoke? Kama ni kikundi, kina akiba? Kama ni kaunti, fungu liko katika bajeti ya mwaka gani, idara gani?

Bandari ina gati 29 zilizobaki katika mpango. Makadirio ya gati ya nne yatakapoletwa kwa wananchi, wavuvi na viongozi wao wa fuo waende na daftari. Watafute mstari wa fidia kabla ya mstari wa mashine ya kuchimba. Waulize idadi ya wavuvi imehesabiwa na nani na msimu gani, maana anayehesabu wakati wa kaskazi atawakuta wengi nje ya ghuba na kudhani ghuba haina wenyewe. Waulize pia ni shilingi ngapi zimetengwa kwa petroli, barafu na fundi katika miaka mitano ya mwanzo, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, yenye tarehe na sahihi, kwa sababu kumbukumbu hizo ndizo zitakazosomwa mahakamani Malindi ikibidi kurudi.